Unga wa Mizizi kwenye Uji wa Kisilu

Kisilu, seremala wa Muthetheni, alipopatikana na homa ya ini aina ya B, daktari kule Machakos mjini alitaka jamaa wote wapimwe. Mkewe Mutheu na watoto walikuwa salama, wakachanjwa. Mama yake, Kamanthe, alikuwa na virusi hivyo hivyo.

"Huenda ulimwambukiza ulipomzaa," daktari alimwambia. "Si kosa lako, mama. Hukujua."

Kamanthe aliitikia kwa kichwa, lakini tangu hapo hakuweza kumtazama mwanawe akimeza kidonge chake. Mwanamke mmoja sokoni akamuuzia unga wa mizizi, akiapa kwamba unasafisha ini. Kila asubuhi Kamanthe akawa anautia kwenye uji wa Kisilu, na sukari tele kuficha uchungu. Hakumwambia mtu.

Miezi ikapita. Virusi vilipungua hata havikuonekana tena kwenye vipimo, lakini vimeng'enya vya ini, ambavyo huongezeka kwenye damu ini likiumia, vilibaki juu, vikazidi kupanda.

"Kuna kitu kingine kinaumiza ini," daktari alisema. "Unakunywa pombe?"

"Hata kuonja sijaonja."

Mutheu hakusadiki. Nyumbani alipekua mifuko ya makoti, akanusa hata chupa za vanishi karakanani. "Niambie ukweli, Baba Nzau. Unataka nibaki na hawa watoto peke yangu?"

Kamanthe alikuwa mlangoni akipukuchua mbaazi. Alisikia yote. Aliacha kutia unga, lakini kinywa hakikufunguka.

Uvumi ukafika kanisani. Jumapili moja Kisilu, aliyekuwa akiongoza kwaya, aliombwa apumzike kidogo. Alikaa kiti cha nyuma, haimbi. Waliporudi nyumbani, Kamanthe akaweka kopo la ule unga mezani.

"Si pombe. Ni mimi."

Kisilu alifungua, akanusa, akaelewa. "Mwaitu, mama yangu, mbona hukuniuliza?"

"Ugonjwa nilikupa mimi, mwanangu. Nilitaka niutoe kwa mkono wangu."

Mutheu alitoka nje. Jioni alimwomba mumewe msamaha. Kumsamehe mama mkwe kulimchukua muda mrefu.

Vimeng'enya vilianza kushuka, ingawa mpaka leo havijafika kawaida, na daktari hawezi kusema ni virusi au ni mizizi. Kisilu alirudi kwenye kwaya. Siku za kliniki huenda pamoja na mama yake, na humshika mkono wakivuka barabara. Kamanthe angependelea agombezwe.