Viatu vya Kunasa vya Baba Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nivue viatu. Nilikwenda mtaa wa Ghala, huku Omani, kwenye stoo ya kampuni iliyokuwa ikiuza baiskeli, nimevaa kanzu iliyopigwa pasi, nikitaraji kupewa meza na kiti. Msimamizi wa Stoo, mzee wa Kiomani aliyezaliwa Bujumbura, akanisimamisha juu ya kipande cha boksi, akauchora mguu wangu kwa kalamu, kisha akaweka kiatu changu juu ya ule mchoro. Mguu ulikipita kiatu pande zote.

"Nani kakununulia hivi?"

"Mama."

"Basi mwambie mama umeshakua."

Stoo nzima ilicheka. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi ya kuwavisha watu viatu vya baiskeli, tangu miaka ya tisini mpaka magoti yalipokataa. Nyinyi vijana leo mnaagiza kwa simu, mnachagua rangi kwanza, kikifika kinakubaneni mnalaumu kampuni. Sisi tulikaa chini, mguu wa mtu mkononi.

Kwa asiyevijua: viatu vya kunasa vina soli ngumu kama ubao, ili nguvu yote ya mguu iende kwenye pedeli. Chini yake hufungwa kipande cha plastiki, tukikiita kliti, kinachonasa kwenye pedeli kwa kishindo kidogo, tak! Kujitoa, unazungusha kisigino kwenda nje. Anayesahau kuzungusha huanguka pale pale aliposimama, na kila mnunuzi mpya husahau. Mwanzoni wanunuzi wetu walikuwa wageni watupu. Sisi wenyewe tulikuwa tukiwacheka wanavyotembea dukani, ka-ka-ka, kama mbuzi juu ya sakafu.

Kisha nikahamishiwa duka la Ruwi, karibu na kituo cha mabasi, chini ya Meneja, mama wa Kikenya kutoka Nakuru, mwenye sauti inayosikika mpaka duka la tatu. Huyo ndiye aliyenifunza khasa.

"Nassor, wacha kuuliza mtu kama kiatu kimemtosha," aliniambia. "Watu wa huku wako na adabu mingi. Ukishapiga magoti mbele yake anaona haya kukusumbua, anasema iko sawa, akifika nyumbani analia. Angalia mguu. Mdomo achana nao."

Kweli tupu. Miguu yetu imekulia kwenye makubadhi, imetanuka mbele, na viatu hivi vinakuja vyembamba. Kwa hivyo nilikuwa nikimtaka mteja aje baada ya alasiri, mguu umeshavimba kwa joto. Nikitoa soli ya ndani, ile laini, nikimsimamisha juu yake. Nyama ikimwagika pembeni, hicho si chake, hata akiapa. Kisigino kisiinuke, vidole vipate nafasi ya kucheza, na kliti ikae chini ya ule mfupa uliotuna nyuma ya dole gumba.

Sasa niwape khabari ya baba mkwe wangu. Alikuwa amestaafu wizarani, mtu wa heshima zake, hata akikohoa alikuwa akiomba radhi. Daktari alimkuta na sukari akamwambia afanye mazoezi, naye akanunua baiskeli, akawa kila Ijumaa baada ya Alfajiri anakwenda na wastaafu wenzake mpaka Sidab, kule pwani, na kurudi. Nyumbani tulifurahi, lakini khofu ilikuwapo. Kaka yake mkubwa alikatwa mguu kwa sukari hiyo hiyo, na jambo hilo halikutajwa mbele yake.

Alasiri moja akaingia dukani. Nikambusu mkono.

"Nassor, miguu inaniteleza kwenye pedeli. Nipe vile vya kunasa."

Nilipopiga magoti, akauvuta mguu chini ya kiti. "A-a! Wewe mume wa mwanangu. Hunishiki miguu. Ntavaa mwenyewe."

Ningefanyaje? Nikampa. Akavaa na soksi zake nyeupe, akatembea kwenda na kurudi, ka-ka-ka, akitabasamu. "Raha tupu! Kama nimevaa hewa."

Nilitaka kukubali yaishe. Meneja akaniangalia kutoka kaunta, jicho lile nnalolijua. Nikasema, "Baba, vua kidogo nikaze kliti." Alipovua nikakigeuza kiatu, na kutoka ndani ikaanguka skrubu iliyosahauliwa humo, ndogo kuliko kokwa ya tende, yenye ncha. Kwenye soksi palikuwa na tone la damu.

"Baba, hukuisikia?"

"Nini?" Akaiona skrubu kiganjani mwangu, kisha akaiona soksi yake. Akakaa.

"Tangu lini husikii?"

"Tangu Ramadhani ya mwaka juzi," akasema kwa sauti ya chini. "Nikimwambia daktari, atanikata kama alivyokatwa kaka."

Wallahi machozi yalinilenga. Kumbe miguu ilikuwa ikimteleza kwa sababu hajui pedeli ilipo! Mtu anapanda baiskeli hadi Sidab na hana khabari na nyayo zake, na kidonda kimoja tu kisichoonekana kingetosha kumtia kwenye kisu.

Meneja akaja na maji na pamba. "Mzee, pole sana. Hapa hakuna mtu wa kukata mguu. Lakini toa hiyo soksi, saa hii."

Akaitoa! Mimi mkwe kanikatalia, mama asiyemjua kamtii kama mtoto wa chuo cha Kurani.

Asubuhi nikampeleka kwa daktari, na hakukatwa kitu. Daktari alisema kidonda kifunge kwanza, baiskeli ruhusa, lakini viatu viwe vipana, na kila akitoka kwenye baiskeli mtu mwenye macho mazuri amwangalie nyayo na katikati ya vidole. Kila mara, bila ya kuruka.

Kidonda kilipofunga, akanipa mguu. Alitazama dari muda wote, lakini alinipa. Nikamsimamisha juu ya soli ya ndani, nikapanda saizi, nikachagua vya mbele pana na ngozi laini, nikapitisha kidole ndani kutafuta mshono wowote unaokwaruza. Springi ya pedeli nikailegeza mpaka mwisho, ajitoe kwa urahisi. Haikusaidia. Mbele ya duka, na abiria wote wa kituo cha mabasi wakitazama, akaiendesha baiskeli kidogo, akasimama, akasahau kuzungusha kisigino, akalala ubavu na baiskeli juu yake.

"Nassor!" akapiga kelele huku akicheka. "Viatu vyako vinanipenda, havitaki kuniacha!"

Tangu hapo, kila Ijumaa nilikuwa nikimwangalia miguu, chumbani, mlango umefungwa, asione mtu. Mke wangu alikuwa akituuliza tunafanya siri gani humo. Mara mbili nilikuta lengelenge, mara moja mwiba, na kila mara tuliwahi.

Nimestaafu sasa. Watu huniuliza jozi ya kwanza ichaguliweje, wakitaka niwatajie kampuni. Mie nawaambia wavue soksi kwanza, kisha wakae na mtu asiyeona haya kuwaambia kweli. Hawapendi jawabu hilo, nami sina jengine. Nimeshika miguu ya mabalozi na ya madereva, na kila mmoja alinidanganya kwa adabu.

Baba mkwe naye hapandi tena baiskeli, umri umekwenda, lakini Ijumaa zetu za chumbani hazikukoma. Idi iliyopita iliangukia Ijumaa. Majlisi, sebule ya wageni, ilijaa jamaa, wakwe, wajukuu, halua inazunguka. Nami nimekaa zangu pembeni na kikombe cha kahawa.

"Nassor! Leo hujaniangalia."

Nikainuka nimfuate chumbani. Hakuondoka kwenye kiti. Akavua makubadhi, akaunyoosha mguu pale pale, mbele ya watu wote. Nikapiga magoti, magoti yakalia, nikapita kidole kimoja kimoja, kisha mguu wa pili.

"Vyote vizima, Baba."

"Alhamdulillah," akasema, akiwageukia wageni. "Huyu ndiye mwenye miguu hii. Mimi naitembelea tu."