Diski Iliyogoma Asilimia Sitini na Tatu

Wenye kucheka wacheke sasa hivi, wamalize, halafu wanisikilize. Mimi nimesoma, na sisi Wahaya tukisoma hatukawii kuwatajia. Mizimu siamini. Lakini haya yalinikuta nyumbani kwangu Kibeta, mchana, nikiwa nimeshiba na sijagusa hata tone la rubisi, pombe yetu ya ndizi.

Kazi yangu ni kupiga video za sherehe na kuzichoma kwenye diski. Mzee mmoja wa Muleba alifiwa na mkewe. Video pekee yenye marehemu ni ile niliyopiga kwenye sendofu ya mjukuu wao, alipoagwa kwenda kuolewa. Mzee ana deki ya zamani ya kuchezea diski na simu ya tochi, kwa hiyo alitaka diski. Jumapili ukoo mzima ungekusanyika kuiangalia.

"Usikate hata sekunde moja," aliniambia.

Nikaanza kuchoma. Ikafika asilimia sitini na tatu, ikagoma. Nikabadilisha diski, ikagoma palepale. Nikapunguza kasi, nikasafisha lenzi kwa pamba na spiriti, nikafuta mafaili, nikaweka programu nyingine. Sitini na tatu. Diski kumi na moja ziliharibika, mke wangu akazitundika kwenye maharage kufukuza ndege. Akasema angalau kompyuta imeanza kulima.

Ijumaa mchana, mvua ikinyesha, nikaamua kutazama kuna nini hapo kwenye video. Kumbe nilipokwenda kula niliiacha kamera kwenye stendi inarekodi. Na nani yupo nyuma ya jiko? Bibi mwenyewe, marehemu, anakula senene, wale panzi wetu wa kukaanga. Anatafuna haraka, anafuta mdomo, anachota tena. Mkono wa mwanaume mwenye saa unamshikia bakuli kutoka nyuma ya mlango.

Usione ni jambo dogo. Kwetu zamani mwanamke alikamata senene, akawanyonyoa, akawakaanga, akampelekea mume. Kula ilikuwa mwiko. Siku hizi wasichana wanakula, lakini bibi huyu alisifika Muleba kwa kuwachapa wajukuu wa kike akiwakuta na hata bawa. Nilicheka mpaka nikashika meza.

Nyuma yangu mtu akakohoa.

"Unacheka nini?"

Nikageuka. Mama mzee amesimama mlangoni, nguo kavu kabisa na nje mvua inamwagika. Nikadhani ni dada wa marehemu, nikamvutia kiti. Ndipo nikaona kitenge chake. Kilikuwa kilekile kilichopo kwenye kioo cha kompyuta.

"Sikai," akasema. "Wale watoto nimewachapa miaka yote. Jumapili wanione hivyo?"

"Hapana, mama."

"Basi toa."

Nilikata kile kipande. Nilipogeuka hakuna mtu, na bakuli la senene aliloacha mke wangu juu ya friji lilikuwa tupu. Niamini. Diski ikachomeka mara moja.

Jumapili wajukuu walilia vizuri, wakamsifu bibi yao kwa msimamo. Mzee peke yake aliinuka, akanivuta mpaka kwenye migomba.

"Nilikuambia usikate."

Nikamweleza yote, nikitegemea aniite mlevi. Akawa anazungusha saa mkononi mwake. Saa ileile.

"Tangu tuoane nimemshikia lile bakuli," akasema. "Tulijua wawili tu, na siku ile kamera yako niliiona. Mimi nilitaka hapo tu, mwanangu. Hayo mengine ni ya watu."

Akalia, nami nikalia naye.

"Kanichomee hicho kipande," akasema. "Ila umwambie mwenyewe kwanza, nitaangalia peke yangu, mlango nimefunga."

Msomi mzima nikarudi Kibeta kuongea na kompyuta. Nilisema kwa Kiswahili, ikafika sitini na tatu, ikasimama. Nikarudia kwa Kihaya, kwa adabu, nimepiga magoti kama ninamwamkia mama mkwe. Mke wangu alikuwa mlangoni ananitazama. Ikaendelea mpaka mwisho.

Tangu siku hiyo kila tukikaanga senene nabakiza wachache juu ya friji, na asubuhi hawapo. Mke wangu anasema yeye hajui chochote, na mimi simuulizi mara mbili.

Nawe unayechoma diski nyumbani, ikigoma mara mbili palepale, usikimbilie kununua mashine mpya. Tazama kwanza nani yupo hapo, na nani anamshikia bakuli.