Mtungi wa Jumamosi Kuu

Areti Vlachou, mwanaakiolojia wa makumbusho ambaye mtaa mzima ulimwita mwalimu, alikuwa mwiba kwa wavuvi wa Korfu, kisiwa cha Ugiriki. Mvuvi akinasa mtungi wa kale akauficha nyumbani, Areti humfuata hadi jikoni amsomee sheria mbele ya mkewe. Kisha yeye mwenyewe akabeba mtungi wa makumbusho mpaka nyumbani kwa mama yake, eti paa la stoo linavuja. Sheria, bila shaka, ni za wavuvi.

Mtungi huo ndio uliompa jina. Ulitoka katika meli iliyozama enzi za Warumi, na kitabu kizima alichokiandika kuuhusu kilishikilia kwamba meli ile ilipakia mvinyo. Mdomo ulikuwa umezibwa na tope lililokauka kama saruji. Mwenzake kazini, Gerasimos, alimsihi mara nyingi walitoboe kidogo, waone ndani kuna nini.

"Mtungi mzima hauguswi," Areti alijibu, na watu wakamsifu kwa kulinda urithi.

Asubuhi ya Jumamosi Kuu alikuwa akirudi na mkate wa Pasaka kengele zilipolia, na mji mzima ukaanza kurusha mitungi iliyojazwa maji kutoka madirishani, kama ilivyo desturi kila mwaka. Aliinua macho. Mama yake, Bibi Loukia, alikuwa kwenye roshani akifuta mikono.

"Mama! Ule wa kwenye kona uko wapi?"

"Si huo hapo chini! Mzito huo, nusura univunje kiuno. Maji yenyewe yamekataa kuingia, nikautupa mkavu."

"Mama, una miaka elfu mbili!"

"Basi umeshatumika vya kutosha."

Areti alipiga magoti barabarani kuwahi vigae vyake, maana huko kila mtu huokota kigae akakipeleke nyumbani kwa bahati. Alimpokonya mtalii. Alimpokonya padri.

"He, mwalimu! Bahati zote uzitake wewe?" alimcheka jirani yao, Rinoula, mshona nguo.

Areti akakitazama kigae alichoshika Rinoula. Kwa ndani kilikuwa na tope gumu, na topeni miiba na magamba ya samaki, tele. Mvinyo hauna miiba. Meli ilipakia samaki wa chumvi, na kitabu kizima kilikuwa upuuzi mtupu.

Machozi yakamtoka. Rinoula akaona haya.

"Nakutania tu, mwalimu. Shika, chukua chako."

Areti akamkunja Rinoula vidole, kimoja kimoja, juu ya kigae.

"Kaa nacho, dada, ni bahati yako. Ila ukifika nyumbani kisugue vizuri, tope lote litoke. Kwa sabuni."