Chumba Kisichofunguliwa Dirisha

Siku ya kwanza ya kazi tulikuwa wanne: patroni, yaani mnunuzi wa dhahabu; mzee Lonema, mchomaji wake aliyenifundisha kazi; Dorika, mdogo wangu; na mimi, mkubwa wa yatima watano, niliyeacha shule darasa la tano ili wengine wasome.

Dhahabu ya wachimbaji wa Mongbwalu ilitufikia Bunia ikiwa imeshikana na zebaki, donge jeupe kama fedha. Kazi yangu ilikuwa kuliweka juu ya makaa mpaka zebaki itoke na rangi ya njano ibaki. Chupa ya zebaki mzee Lonema aliifungia sandukuni kwa kufuli.

"Hii mayi ni sumu, usiguse," aliniambia. "Na dirisha usifungue, upepo itabeba zahabu ya patroni."

"Na moshi, muzee?"

"Moshi? Kwenu hamupikaka, munakulaka mubichi?"

Tukacheka. Asubuhi za Bunia zina baridi, na chumba kile cha kuchomea kilikuwa na joto. Nikamwomba patroni Dorika aweke humo cherehani yake. Mimi nikichoma, yeye alishona yunifomu za wadogo zetu. Mlio wa cherehani ile ndio ninaoutamani kuliko kitu chochote cha ujana wangu. Nilijiona mlinzi mwema, kwa kuwa hakuwahi kuigusa chupa.

Miaka mingi baadaye, patroni wa pili alileta chungu chenye kifuniko na bomba, kinachonasa mvuke na kuurudisha kuwa zebaki ya maji. Muuguzi aliyekuja kutufundisha alieleza kwamba zebaki ya chupani ukiigusa, mwili hauipokei sana. Ikiwa mvuke, huingia mapafuni na kufika hadi kwenye ubongo. Ikitupwa mtoni hugeuka tena na kukaa ndani ya samaki. Kitu ni kilekile, lakini madhara hufuata umbo lake. Nilimtazama Dorika kwenye kiti chake. Vidole vyake vilikuwa vimeshaanza kutetemeka.

Nimestaafu sasa. Mimi moshi ulininyang'anya meno. Yeye ulimnyang'anya mikono. Ninyi mnaochoma leo, msichomee ndani, na mtu wenu asikae karibu.

Kila asubuhi ninatunga uzi kwenye sindano, naye ananielekeza. Ninashona gauni alilojikatia zamani, akaliweka kando ili amalizie yunifomu kwanza.

"Yaya, mushono iko inapinda," ananiambia mimi mkubwa wake, akicheka.

"Nitafumua."

Ninafumua. Yeye aliwavisha wadogo watatu mpaka wakamaliza shule. Mimi sijamaliza hata mkono mmoja wa gauni lake.