Miti Iliyofurahia Hukumu

Biblia yangu ya kwanza ya Kiswahili niliinunua Mbarara, kwa mama mmoja Mwislamu aliyeuza vitabu vya mitumba pamoja na vitenge. Aliifuta vumbi, akanipa kwa mikono miwili. "Usiiweke chini," akaniambia.

Niliisoma polepole, kwa maana kusoma nilijifunza ukubwani, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, baada ya kukimbia Kivu ya Kusini. Agano la Kale lilinitisha. Mungu alikuwa mtakatifu, na kila alipokaribia, watu walianguka kifudifudi. Kisha nikakuta zaburi ambamo bahari, mashamba na miti vinashangilia kwa sababu Mungu yuko njiani kuja kuhukumu. Nikarudia mara tatu. Nani anashangilia hukumu?

Baada ya ibada pale kijijini Misiera nilimuuliza mchungaji wetu.

"Mama, miti haina zambi," alisema akicheka. "Itaogopa nini?"

Sikutosheka. Kutoogopa ni kitu kimoja, kushangilia ni kingine.

Msimu huohuo ng'ombe wa jirani yangu, mfugaji Mnyankore, waliingia katika mahindi yangu. Nilipotoka mbio nikipiga kelele, nusu ya shamba ilikuwa imeliwa. Yeye akasema tu kwamba ng'ombe hawajui mpaka. Nikaenda kushtaki Base Camp, kwenye ofisi za kambi, nikaambiwa afisa atakuja Alhamisi.

Jumatano nilikuwa nafagia uwanja huku naimba, nikasimama ghafla na ufagio mkononi. Nilikuwa nasubiri hukumu, na nilikuwa nafurahi! Kuna mtu anakuja kuona nilichofanyiwa. Labda miti nayo ilikuwa imekatwa miaka mingi bila mtu kuuliza.

Afisa alikuja asubuhi, mtu mrefu, na Kiswahili chake cha kijeshi. Nilikuwa nimemfungia kuku mlangoni.

"Mama, hii kuku ya nini?"

"Ya kukushukuru, afande."

"Mimi nakuja kuona shamba. Fungua yeye, aende kula."

Alilizunguka shamba na karatasi yake, akihesabu hatua. Aliona mabua yaliyokanyagwa, akamwambia mfugaji amekosa. Moyo wangu ukaruka. Lakini hakusimama hapo. Aliendelea hadi upande wa chini.

"Na hii maharage ni ya nani?"

"Ni yangu."

"Hapa ni njia ya ng'ombe kwenda ziwani. Wewe nalima ndani ya njia."

Nilijua. Kila msimu nilikuwa nasogeza jembe kidogo, mstari mmoja, kisha wa pili. Angechukua yule kuku, pengine asingefika upande ule. Neno "mtakatifu" nilikuwa nalidhania kuwa ni weupe fulani wa mbali, juu sana. Pale shambani nilianza kulielewa kwa namna nyingine: ni yule ambaye huwezi kumnunua hata jicho moja. Macho yaliyoona mahindi yangu ndiyo yaliyoona maharage yangu.

Akaamua. Mfugaji aniletee maziwa kila asubuhi mpaka mavuno yajayo, nami ning'oe maharage siku hiyohiyo.

Niliyang'oa yakiwa na maua. Mfugaji alisimama akiniangalia, kisha akaegemeza fimbo yake kwenye kichuguu, akainama, akaanza kung'oa mstari wa pili.

"Nilikuwa naona toka mwaka jana," alisema.

"Mbona hukuenda kunishtaki, mzee?"

Alikung'uta udongo kwenye mizizi kabla ya kujibu.

"Nilisema, huyo mtu akikuja, ataangalia na kwangu."

Nikajikuta nacheka, naye akacheka, japo hakuna aliyekuwa na furaha hasa. Tulimaliza mistari yote miwili kabla ya jua kuwa kali. Asubuhi yake maziwa yalifika, bado yana joto.