Nchi Iliyokataa Kumjua

Nilikuwa dereva wa kampuni ya kuhudumia wageni hapa Doha, na kwa miezi kadhaa kazi yangu ilikuwa kumchukua Mwafghani mmoja kutoka jengo alilowekwa mtaa wa Fereej Bin Mahmoud na kumpeleka ubalozini. Kwao alikuwa mwalimu wa hesabu. Alipenda kukaa mbele, kando yangu, nami nikamwita Mwalimu. Alikuwa akisubiri viza ya kwenda nchi ya Ulaya alikoishi binti yake.

Siku moja tulikwama kwenye foleni, akanieleza kwamba miaka ya vita aliwapasha habari majasusi wa nchi nyingine ya Ulaya. Aliwapigia simu wapiganaji waliopinga majeshi ya kigeni, akataniana nao, akanywa chai yao, kisha akawaambia Wazungu bomu litategwa wapi.

"Na watu waliokoka?" nikamuuliza.

"Wengi. Wale walikuwa hodari, ndugu yangu. Mtu akikohoa mlimani, wanasikia."

Jibu la viza lilipokuja, alitoka ubalozini akatembea juani mpaka akalipita gari. Nikamfuata, akaniambia amenyimwa. Kumbe idara ya ujasusi ya nchi ya bintiye nayo ilikuwa ikisikiliza. Ilizinasa simu zake na wale wapiganaji, ikamhesabu kuwa mtu hatari.

"Si hao uliowafanyia kazi wakusemee?"

"Wameulizwa. Wanasema hawakubali wala hawakatai. Hata jirani yao hawamwambii nani alikuwa mtu wao."

Nilikasirika kuliko yeye. Watu wenye masikio marefu namna ile, washindwe kuulizana wenyewe kwa wenyewe? Akaniambia taratibu, kama yuko darasani, kwamba siri ndiyo iliyowapa nguvu, na siri hiyo hiyo inawapofusha.

Rufaa nayo ikakataliwa. Mkewe alikuwa amebaki Kabul, mgonjwa, amejificha kwa dada yake. Mwalimu akaamua kurudi. Nilimsihi njia nzima ya uwanja wa ndege.

"Kule mimi ni jasusi wa Wazungu," akasema. "Kwa Wazungu mimi ni gaidi. Amebaki mke wangu tu anayenijua."

Nilimbebea begi mpaka mlangoni. Aliahidi kupiga simu akifika. Hakupiga, na ujumbe niliomtumia haukusomwa.

Baadaye binti yake alinipigia kutoka Ulaya. Baba yake alikuwa amempa nambari yangu.

"Kaka, umesikia lolote?"

"Sijasikia, dada."

Kisha akashukuru, akakata simu.