Orodha Ambayo Hakuwahi Kuifungua

Kwa miaka ishirini na mitano Mzee wa Seva ametunza tovuti za watu: za shule, za maduka ya dawa, hata ya fundi viatu mmoja anayeringa kuliko meneja wa benki. Alianza kwa kutengeneza redio, akahamia kompyuta enzi zile zinafunikwa vitambaa kama makochi ya wageni. Seva yake ya kwanza, yaani kompyuta ya kuhifadhia tovuti hizo, aliiweka jikoni, na mkewe akapika akiizunguka mwaka mzima. Ana miiko miwili: kila tovuti ichukuliwe nakala kila siku, na cha mtu hakifunguliwi. Yeye ni mlinzi tu, husema, na mlinzi hapekui mizigo.

Jumamosi hujitolea. Huwafundisha wastaafu kutumia simu, nao humwita mwalimu huku wakimbishia kila neno. Na kwa miaka tisa ameihifadhi bure orodha ya wachangia damu wa mtaani, ambayo muuguzi wa zahanati huitumia kuwapigia watu simu mgonjwa anapohitaji damu. Aliiweka kwenye mashine kuukuu, stoo kwake nyumbani.

Jumatatu mashine ile ilikata roho. Hakubabaika, akatafuta nakala. Hakuna. Programu yake huchukua nakala kwa kufuata orodha ya wateja, na zahanati haikuwahi kuwa mteja. Watu mia tatu na arobaini, kwa hesabu aliyowahi kutajiwa na zahanati, wamepotea, na uzembe ni wake. Mzee mzima akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, machozi yakimlengalenga.

Alikwenda zahanati kwa miguu yake, maana habari kama ile haisemwi kwa simu. Muuguzi alikuwa mgeni, ana miezi miwili tu pale. Hakufoka, na hilo ndilo lililomuuma mzee zaidi. Alisema Ijumaa kuna mama anafanyiwa upasuaji, damu yake ni kundi O hasi, na kwenye orodha walikuwapo wanne tu wa kundi hilo.

"Hukumbuki hata mmoja, mzee wangu?"

"Sikuwahi kuifungua, Sista."

Mwiko aliojivunia maisha yake yote sasa ukamsuta.

Alinunua daftari, akarudi nyumbani, akamweleza mkewe yote bila kuficha. Kesho ataanza kugonga milango, nyumba kwa nyumba. Mkewe alikuwa akikunja nguo. Alimaliza shati alilokuwa nalo mkononi, akaliweka juu ya mengine.

"Baba watoto, kalamu unayo?"

Alikuwa nayo.

"Basi anza na mimi. O hasi. Wale watatu nawajua, huwa tunakutana palepale zahanati."

Akamuuliza ni tangu lini. Tangu mwaka ule mzee alipoleta mashine stoo, mkewe akamjibu, kila baada ya miezi minne. Mzee akauliza kwa nini hakumwambia.

"Nilijua unajua. Si nimo humo stoo kwako miaka yote?"

Mzee akafungua daftari, akaandika jina la mkewe kwenye mstari wa kwanza. Kisha akalisoma.